Malalamiko: Tumeuziwa injini isiyo ya trekta letu, na ya zamani haikuwa ya kutupwa

Kamati ya Mitambo,
Kikundi cha Wakulima,
Lolkisale, Monduli.
19 Februari 2024

Meneja wa Karakana,
Kampuni ya Vipuri na Matengenezo ya Matrekta,
Arusha.

Ndugu Meneja,

YAH: KUUZIWA INJINI ISIYOLINGANA NA ANKARA, NA KUSHAURIWA KUACHA INJINI INAYOFUMULIKA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 15 Januari trekta aina ya Massey Ferguson 290 liliingia karakana yenu na dalili tatu: kusumbua kuwaka asubuhi, kutoa moshi wa bluu likipandishwa mwendo, na kula oili lita moja kwa siku ya kazi. Fundi wenu aliwasha, akasikiliza, akafungua kifuniko cha kujazia oili, akaona hewa inapuliza, kisha akaandika kwenye fomu: "Injini imekwisha, ibadilishwe." Fomu hiyo tunayo. Sehemu ya vipimo iko wazi, hakuna hata namba moja. Kwa maneno hayo matatu ikalipwa nusu ya bei ya injini ambayo ankara yenu inaiita "Perkins 4.248, kamili, imefumuliwa na kujengwa upya".

Tunaomba muichukue injini hiyo, mrudishe fedha, na mrudishe vipuri vyetu mlivyovifungua. Sababu tunazieleza kwa vipimo, kwa kuwa jambo hili lilitakiwa kuamuliwa kwa vipimo tangu siku ya kwanza.

Tuanze na injini ya zamani. Kabla hata ya kuishusha, geji ya presha ya oili ilikuwa inasoma paundi 32 kwa inchi ya mraba injini ikiwa moto na mwendo uko juu. Kiwango cha Perkins kwa injini hii ni paundi 30 hadi 60. Ni presha ya chini, lakini ni ya injini ambayo beringi zake bado zinashika. Injini iliyokufa kranki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, haisomi hivyo. Kipimo hicho peke yake kingemfanya fundi makini asite.

Baada ya kushusha hedi (kifuniko cha juu cha silinda) na sampu (bakuli la oili chini ya injini) tulipima silinda zote nne kwa geji ya silinda. Slivu za 4.248, yaani mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ni kavu: hazigusani na maji, zimeshindiliwa kwa presi ndani ya bloku, mwili mkuu wa injini. Zikilika zinasukumwa nje, zinashindiliwa mpya, na bloku inabaki ile ile. Iliyolika kuliko zote ni silinda namba 2. Juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ni pana kwa milimita 0.27 kuliko chini kabisa ambako ringi hazifiki. Tukachukua ringi ya juu ya pistoni hiyo, tukaisukuma kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, tukapima mwanya kati ya ncha zake kwa fila geji (bapa nyembamba za kupimia mianya): chini milimita 0.70, juu milimita 1.55. Tofauti ni 0.85, na hesabu inakubali, maana mzingo ni kipenyo mara 3.14, na 0.27 mara 3.14 ni 0.85 ile ile. Hapo ndipo hewa ilipokuwa inapita kwenda kupuliza kwenye kifuniko, na hapo ndipo oili ilipokuwa inapanda kuungua. Dalili zote tatu zimeelezwa na slivu na ringi.

Kulika huko kuko juu tu, na chanzo chake ni vumbi. Mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye manifoldi una mpasuko wa urefu wa kidole gumba, upande wa chini, nusu yake imefichwa na klipu. Ukiingiza kidole ndani ya manifoldi kinatoka na tope jembamba la kahawia. Ukilisugua kati ya vidole linakwaruza kama msasa. Wanaolima Lolkisale kabla ya masika wanajua vumbi la huku lilivyo. Fundi wenu alipanga kufunga injini nyingine kwenye mpira huo huo, kwani kwenye orodha yenu ya kazi mpira haupo kabisa. Hata kama mngetuletea injini iliyotoka kiwandani jana, ingekula vumbi lile lile na kurudi kwenu na moshi ule ule.

Kranki ndiyo inayoamua zaidi, kwa hiyo tuliipima shingo moja moja (sehemu zake za duara zinazozungukia ndani ya beringi), kila shingo mara nne: mara mbili kwa wima, mara mbili kwa ulalo. Shingo tano za meni, zile zinazoishikilia kranki kwenye bloku, zote ziko standadi (saizi ya kiwandani) na ni duara. Za konirodi, mikono inayounganisha pistoni na kranki, tatu ziko sawa, na ya namba 3 imepoteza duara kwa milimita 0.05 na ina mikwaruzo inayoshika ukucha. Nyuma ya beringi zote hakuna namba ya kupunguza, maana yake kranki hii haijachongwa hata mara moja tangu itoke kiwandani. Ikichongwa saizi ya 10, yaani milimita 0.25, shingo ya namba 3 inasafika yote, na bado zinabaki saizi ya 20 na ya 30 kwa miaka ijayo. Sharti ni mchongaji aache mviringo kwenye mizizi ya shingo jinsi ulivyo. Akiichonga kona ikawa kali, kranki itaanza ufa hapo hapo na kukatika shambani.

Bloku tuliipaka mafuta ya taa, tukaifuta, tukaipaka chokaa ya unga: hakuna mstari uliojitokeza. Uso wa juu tuliupima kwa rula ya chuma na fila geji, na fila ya 0.05 haipiti popote. Hedi haina ufa kati ya viti vya valvu, mahali ambapo hedi za injini hizi hupasuka zikichemka mara nyingi.

Kwa hali hiyo kinachohitajika ni slivu 4, pistoni 4 na ringi zake, bushi 4 za juu za konirodi, beringi za meni jozi 5 na za konirodi jozi 4 kwa saizi ya 10, washa za kuzuia kranki isitembee, valvu 8 na gaidi zake, seti kamili ya gasketi, sili ya mbele na ya nyuma, ncha 4 za nozeli, na mpira mmoja wa hewa. Meni nazo zichongwe pamoja na konirodi ili kranki yote iwe saizi moja; ni nafuu kuliko kurudi tena. Valvu zifungwe kwa mwanya wa milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Hakuna kitu kigumu hapo, na hakuna kipuri hata kimoja ambacho karakana ya matrekta haijawahi kukishika.

Hatusemi kwamba kila injini ifumuliwe. Konirodi ikitoka kwa ubavuni ikatoboa bloku, tungewaunga mkono kubadilisha. Bloku ikipasuka kwenye njia za maji, vivyo hivyo. Kranki iliyofika saizi ya 30 na bado imekwaruzika, huku kofia za meni zimehama kwenye mstari, gharama ya kuinusuru inapita thamani yake, na hapo injini nyingine ndiyo jibu. Hakuna hata moja kati ya hayo kwenye injini hii, na yote hayo huonekana kwa kazi ya siku moja: kushusha sampu na hedi, kusafisha, kupima.

Sasa injini mliyotuuzia.

Ankara inasema 4.248. Namba iliyopigwa kwenye bloku inaanza na herufi LD. Kwa Perkins, LD ni 4.236, na 4.248 huanza na LF, kama ilivyo kwenye bloku yetu. Kwa macho zinafanana kama mapacha, kwa hiyo tulifungua na kupima: silinda ni milimita 98.4, wakati ya 4.248 ni 101. Mwendo wa pistoni ni mmoja, milimita 127, kwa hiyo ujazo umepungua: lita 3.86 badala ya 4.07. Trekta lingetembea, lakini si injini tuliyoilipia, na siku ya kununua pistoni na slivu mtu angeagiza za 4.248 kwa kufuata ankara na zisiingie.

Jambo zito kuliko hilo ni kranki. Tulifungua kofia mbili za konirodi, tukazigeuza beringi. Mgongoni zimepigwa 030. Yaani tumeshauriwa kuacha kranki ya standadi, yenye saizi tatu mbele yake, tuchukue kranki iliyofika saizi ya mwisho. Beringi hizo zikigonga mara moja, hakuna pa kuchonga tena. Na dalili za kugonga zimeshaanza: oili iliyokuwa ndani ya sampu tuliichuja kwenye kitambaa cheupe, ikaacha vumbi la kung'aa na vipande viwili vyembamba vya rangi ya fedha, vya ukubwa wa ganda la mtama. Hayo ni maganda ya beringi. Injini iliyofumuliwa na kujengwa upya haina oili ya namna hiyo. Rangi mpya ya bluu nayo imepita juu ya tope kavu kwenye boliti za manifoldi, na ukilikwangua tope hilo linabanduka na rangi yake.

Sampu yake ni ya bati. Injini hii ilitoka kwenye folklifti au mashine nyingine yenye chasisi yake. Trekta letu halina chasisi. Injini yenyewe ndiyo mwili: nyuma inafungwa kwenye nyumba ya klachi, mbele inabeba egemeo la ekseli, na uzito wa mbele unapita kwenye sampu nene ya chuma cha kusubu. Msimamizi wenu alipoambiwa hivyo alipendekeza kuchomelea vyuma viwili vya pembeni "vya kusaidia". Tunakataa kabisa. Vyuma hivyo vitabeba ekseli ya mbele, vishindo vya matuta na plau inapogonga mwamba, vyote juu ya mshono wa kuchomelea, na dereva amekaa juu yake. Ukikatika mshono mmoja, trekta linakunjika katikati. Pendekezo hilo lisirudiwe kwetu wala kwa mteja mwingine yeyote.

Kuhamisha sampu yetu ya chuma kunawezekana, ila ndani yake kuna balansa, zile shafti mbili zenye uzito upande mmoja zinazozunguka mara mbili ya kranki ili kuua mtetemo wa injini ya silinda nne. Lazima ifungwe kwa alama, pistoni namba 1 ikiwa juu kabisa. Ikikosewa jino moja inatikisa zaidi kuliko kama isingekuwepo. Fundi wenu aliikuta, akaifungua, akaiweka kando na kusema injini itawaka bila hiyo. Ni kweli itawaka. Kisha boliti zitalegea moja baada ya nyingine, na mabomba ya dizeli yatapasuka kwenye maungio.

Pampu ya dizeli iliyokuja nayo imefungiwa gavana (kidhibiti mwendo) ya kazi nyingine, na flaiwili yake, gurudumu zito la nyuma ya injini, haipokei klachi pacha yetu, ile inayoendesha gia na shafti ya nyuma kila moja kwa wakati wake. Neno "kamili" kwenye ankara lilikuwa na maana gani, kama kila kinachoigusa trekta kinatakiwa kutoka kwenye injini yetu ya zamani?

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na ifae kwa kazi ambayo muuzaji ameelezwa. Kazi mlielezwa: kulima na kuvuta tela, trekta la MF 290. Maelezo mliyaandika wenyewe.

Kwa hiyo, ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii, tunaomba mambo yafuatayo. Injini yenye namba ya LD ichukuliwe kwa usafiri wenu, na malipo ya awali yarudishwe yote. Vipuri vyetu mlivyobaki navyo, yaani sampu ya chuma na balansa yake, flaiwili, klachi, starta, pampu ya dizeli na mabomba yake manne, virudishwe vikiwa vimefungwa vinywa kwa plastiki ili vumbi lisiingie. Gharama ya kushusha injini na ya kuihamisha ibaki kwenu. Kazi ya kuchonga kranki na kushindilia slivu tutaipeleka kwingine. Kama mngependa kuifanya nyinyi, tutakubali kwa sharti moja, kwamba mtupe karatasi ya vipimo kabla na baada, kila shingo na kila silinda, na beringi tuzione mgongoni kabla hazijafungwa.

Kama mnatilia shaka vipimo vyetu, tuko tayari injini zote mbili zipimwe na wataalamu wa CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo, hapa Arusha mbele ya pande zote, na atakayekuwa amekosea alipe gharama ya upimaji. Siku 14 zikipita bila jibu la maandishi, suala hili tutalipeleka Tume ya Ushindani pamoja na ankara, fomu yenu, picha za beringi na kitambaa kile chenye maganda.

Mvua za masika hazisubiri, na mashamba ya mahindi na mbaazi yanayotegemea trekta hili bado hayajaguswa. Tunaomba jibu mapema kuliko siku ya 14.

Wenu,

Mwenyekiti na Fundi Mkuu,
Kamati ya Mitambo.

Nakala: Ofisi ya Kilimo, Halmashauri ya Wilaya ya Monduli.
Viambatisho: ankara, fomu ya ukaguzi ya 15 Januari, karatasi ya vipimo vya silinda na kranki, picha 11.