Fonteyn hakuanzia kwa Nureyev

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme neno juu ya makala iliyochapishwa hivi karibuni kuhusu mcheza baleti Margot Fonteyn. Nilifurahi kuona gazeti la Kiswahili likitenga nusu ukurasa kwa sanaa ambayo wengi wetu huku pwani huipita tukidhani haituhusu. Furaha hiyo ilipungua nilipofika kwenye maelezo ya picha, yaliyosema tu "mwenza wa Nureyev", na ikapungua zaidi pale mwandishi alipodai kwamba mama huyo alikuwa amekwisha kisanaa mpaka kijana huyo Nureyev, mcheza baleti kutoka Urusi, alipokuja kumfufua.

Tuanze na tarehe, kwa kuwa hazina ubishi. Fonteyn alizaliwa Uingereza mwezi wa Mei 1919, jina lake la nyumbani likiwa Margaret Hookham, na sehemu ya utoto wake aliipitisha China, ambako baba yake alikuwa mhandisi. Mwaka 1934 aliingia shule ya kikundi cha baleti cha Ninette de Valois mjini London, na mwaka huo huo akatokea jukwaani katika mchezo wa The Nutcracker akiwa chembe moja ya theluji kati ya nyingi. Mwaka uliofuata nyota wa kikundi, Alicia Markova, aliondoka, na haukupita muda mrefu kabla ya nafasi kubwa kumwangukia yule binti wa theluji. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 17, alicheza mchezo wa Giselle kwa mara ya kwanza. Rudolf Nureyev alizaliwa Machi 1938. Kwa hiyo ile Giselle waliyocheza pamoja tarehe 21 Februari 1962, ambayo makala inaihesabu kuwa mwanzo wa kila kitu, ilimkuta mtu aliyeanza kuicheza kabla mwenzake hajatoka tumboni mwa mamake.

Sielewi ni vipi makala nzima iliweza kuruka miaka ya vita. Mei 1940 kikundi kilikuwa Uholanzi wakati majeshi ya Ujerumani yalipovamia, na wachezaji walinusurika kwa kurudi Uingereza wakiwa wameacha nyuma mandhari, maleba na karatasi za muziki za michezo kadhaa. Walipofika walianza upya, wakaendelea kucheza huku mabomu yakianguka. Vita vilipokwisha, jumba la opera la Covent Garden, ambalo lilikuwa limegeuzwa ukumbi wa densi za starehe, lilifunguliwa tena tarehe 20 Februari 1946 mbele ya mfalme na jamaa zake kwa The Sleeping Beauty, hadithi ya binti mfalme aliyelala miaka mia. Binti huyo, Aurora, alichezwa na Fonteyn. Tarehe 9 Oktoba 1949 alikuwa Aurora tena, safari hii mjini New York, mbele ya watu ambao hawakutarajia Uingereza kuwa na baleti ya kusifiwa, na kuanzia usiku ule jina lake likajulikana dunia nzima. Nureyev alikuwa na miaka 11.

Mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu, tukiwa tumeketi barazani baada ya alasiri, filamu ya zamani isiyo ya rangi yenye kipande hicho cha Aurora. Wachumba wanne, wote wana wa wafalme, wanamzunguka. Yeye amesimama juu ya ncha ya kidole cha mguu mmoja, mguu wa pili umekunjwa nyuma. Mchumba wa kwanza anamshika mkono, anamzungusha polepole, kisha anauachia. Mkono wa binti unapanda juu ya kichwa, unakaa hapo kidogo, halafu unashuka kumpa mchumba wa pili. Hivyo mpaka wa nne. Nilimwambia mjukuu airudishe, tena airudishe. Nilichokuwa nikikitazama ni bega, maana mtu anapokaribia kuanguka ni bega linalomsaliti kwanza, na bega la Fonteyn halikutikisika. Uso wake ulikuwa wa msichana anayepokea wageni. (Kiatu chenyewe, kwa wale watakaouliza, hakina chuma wala mbao kwenye ncha: ni vitambaa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka vikagandishwa kwa gundi, na nadhani mafundi wetu wa makubadhi wangekistahi.)

Mimi si mjuzi wa baleti, Mhariri, lakini nimesimama katika safu ya goma hapa Lamu tangu ujana wangu, katika harusi na katika siku za Maulidi, na miguu yangu imenifundisha jambo moja au mawili. Mgeni anayetutazama kwa mara ya kwanza hudhani hatufanyi kitu. Anaona wanaume wa kanzu nyeupe, bakora mikononi, wanainama na kuinuka pamoja taratibu, na anangoja lini tutaruka. Hajui kwamba kazi iko katika ule muda kabla ya kuinama, zumari likiwa limekwisha kutangulia, pale ambapo kijana mwenye haraka huinama mapema na kuiharibu safu nzima. Wajuzi wa baleti wanasema Fonteyn hakuwa na miguu yenye nguvu kupita wenzake, wala hakuwa wa kwanza kwa kuruka au kwa mizunguko ya kasi. Sifa yake ilikuwa kuusikia muziki, na ulinganifu wa mwili wake, kwamba mkono, shingo na mguu vilikuwa vikisema neno moja. Mtunzi wa baleti Frederick Ashton aliliona hilo mapema, akamtungia michezo kwa zaidi ya robo karne. Mmoja, Symphonic Variations wa Aprili 1946, hauna hadithi kabisa: wachezaji sita, muziki wa César Franck, kama dakika 20, na hakuna hata mmoja anayetoka jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho, iwe anacheza au amesimama. Anayejua goma ataelewa ugumu wa kusimama huko kuliko ninavyoweza kuueleza.

Kuna pia suala la kupokezana. Mwaka 1954, alipotaka kucheza The Firebird, ile hadithi ya ndege wa moto, alifundishwa na Tamara Karsavina, yule yule aliyeucheza mchezo huo ulipozaliwa mwaka 1910. Na mwaka 1958 Ashton alimtungia Ondine, kiumbe wa majini anayetoka nje, akakiona kivuli chake kwa mara ya kwanza na kuanza kukichezea. Watoto wa hapa waliolelewa kwa hadithi za majini wa baharini hawatahitaji kufasiriwa.

Sitaki nionekane nampunguzia Nureyev haki yake. Alipokimbilia Ufaransa Juni 1961 alikuwa na miaka 23, na walipocheza Giselle yeye na Fonteyn, mama huyo alikuwa na miaka 42, umri ambao wengi katika fani ile wamekwisha kutundika viatu. Kijana alimletea joto na ushindani, akamlazimisha kuyatazama upya mambo aliyoyazoea. Mwaka 1963 Ashton aliwatungia Marguerite and Armand, na mwaka 1964 mjini Vienna, baada ya Swan Lake, watazamaji waliwarudisha mbele ya pazia mara 89. Hata hivyo kuna doa ambalo makala ingelitaja kama ingekuwa makini. Romeo and Juliet ya mtunzi Kenneth MacMillan, iliyoanza Februari 1965, ilitungwa kwa ajili ya wachezaji Lynn Seymour na Christopher Gable, lakini usiku wa kwanza wakapewa Fonteyn na Nureyev kwa sababu majina yao yaliuza tikiti. Hapo ninakubali kwamba umaarufu uliwadhulumu vijana waliostahili, ingawa si Fonteyn na Nureyev waliopanga ratiba.

Mwisho, makala ilisema aliendelea kucheza hadi uzeeni kwa tamaa ya kushangiliwa. Mwaka 1964 mumewe, Roberto Arias, mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Panama, alipigwa risasi huko kwao na akapooza. Tiba yake ilihitaji fedha kwa miaka yote iliyobaki, na mleta fedha alikuwa mkewe. Alicheza mpaka alipokaribia miaka 60, kisha wakahamia kwenye shamba la ng'ombe nchini Panama, ambako alimtunza hadi alipofariki mwaka 1989. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 21 Februari 1991. Labda alipenda makofi pia. Ni msanii gani asiyeyapenda? Lakini kumhukumu mwanamke aliyekuwa akimlipia mumewe mgonjwa kwa neno "tamaa", bila kuutaja ugonjwa huo, ni jambo ambalo hapa kwetu tungelionea haya hata kulisema barazani.

Najua nafasi ya masahihisho ni finyu, kwa hiyo siombi makala mpya. Naomba tu kwamba picha hiyo ikirudiwa siku nyingine, itafutwe ile ya Aurora, na chini yake liandikwe jina lake peke yake.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Lamu