Kaskazini ya wapi?

Bolton, 9 Machi

Shoga yangu,

Barua yako nimeipata, na kanga imefika salama. Nimejifunga siku ileile, nikapika wali wa nazi nayo kiunoni, jikoni kukawa Tanga kwa saa mbili. Nashukuru sana. Mama mwambie nimefurahi kusikia goti limepoa. Huku baridi bado haijaondoka ila hatujambo.

Sasa nije kwenye swali lako. Nilikuandikia kwamba Jumamosi moja kila mwezi nafuatana na mzee jirani yangu kwenda kusikiliza "soul ya kaskazini", nawe ukanijibu kwa mstari mmoja tu: "Kaskazini ya wapi?" Mwenzangu, hapo umechokoza nyuki. Huku kuna watu wazima wenye wajukuu wasiosalimiana kwa ajili ya swali hilohilo.

Muziki wenyewe haukuzaliwa huku. Ni wa Wamarekani weusi wa miaka ya 1960, wa Detroit, Chicago, Philadelphia na kwingineko. Kaskazini inayotajwa ni ya Uingereza: Manchester, Wigan, Blackpool, na hapa Bolton nilipo, pamoja na Stoke iliyo katikati ya nchi. Kwa hiyo hakuna hata mwimbaji mmoja katika hao aliyeingia studio akasema leo naimba soul ya kaskazini. Jina walibandikwa baadaye, tena na mtu wa London. Aliitwa Dave Godin, alikuwa na duka la santuri, na aliona kwamba mashabiki wa mpira waliokuja London kufuata timu zao walikuwa wakipita dukani kwake wakitafuta kitu kimoja. Muziki mpya wa fanki waliupa mgongo. Walitaka nyimbo za katikati ya miaka ya 60, zenye mapigo ya kasi kama zile za Motown, kampuni ya santuri ya Detroit. Mwaka 1968 Godin akawaambia wauzaji wake wawatengee watu hao santuri zao, akaziita "northern soul". Mwaka 1970 akalitumia jina hilo katika safu yake kwenye gazeti la Blues & Soul, likasambaa. Jina lililoanzia kaunta ya duka ndilo watu wanaligombania mpaka leo kama shamba la urithi.

Niliyoyaona kwa macho yangu ni haya. Mwezi uliopita jirani yangu aligombana na rafiki yake wa miaka hamsini. Huyo rafiki ndiye anayepiga santuri katika ukumbi tunaokwenda. Usiku ulikuwa umekolea, poda imenyunyizwa sakafuni ili viatu viteleze, wazee wanazunguka kama pia. Nakwambia wanazunguka! Mtu ana miaka sabini, anajirusha nyuma, anashika sakafu kwa mkono mmoja na kusimama tena bila kupoteza pigo. Hawachezi wawiliwawili. Kila mmoja yuko peke yake na wimbo wake, macho yameelekea mahali fulani mbali. Basi yule rafiki akaweka muziki wa Joe 90. Hicho kilikuwa kipindi cha watoto cha wanasesere katika televisheni ya Uingereza mwaka 1968. Hakuna anayeimba humo, ni ala tupu, ila mapigo yake ni ya kasi na yanachezeka. Nusu ya ukumbi wakashangilia. Jirani yangu akasimama katikati ya sakafu, akafuta jasho, akachukua koti lake na kutoka nje kwenye mvua.

Nilimfuata. Rafiki yake naye akatufuata, santuri bado inazunguka. "Tuliucheza Casino tukiwa vijana," akamwambia, "na sakafu ilijaa. Leo wewe ni nani wa kusema si wetu?" Jirani yangu akajibu kwa sauti ya chini kabisa: "Ukitoa soul, kinachobaki ni kaskazini tupu." Tangu usiku ule hawajasemezana.

Njiani kurudi nyumbani nililifikiria jibu lile. Kwa Kiingereza neno kaskazini hutangulia, soul ikafuata nyuma. Sisi kwa Kiswahili tunasema soul ya kaskazini: soul kwanza, halafu ndiyo tunauliza ya wapi. Naona lugha yetu imepatia, na tangu siku ile msimamo wangu ni huo.

Lakini ngoja, nisimwonee yule rafiki, maana ana hoja. Casino anayoitaja ni Wigan Casino, ambayo haikuwa nyumba ya kamari. Ulikuwa ukumbi mkubwa wa zamani wa dansi, wenye sakafu ya mbao. Tarehe 23 Septemba 1973 ndipo ilipoanza mikesha ya soul pale. Milango ilifunguliwa usiku wa manane na watu wakacheza mpaka saa mbili asubuhi, bila pombe. (Vidonge vya kufukuza usingizi vilikuwepo, na vingi, wala jirani yangu hafichi kwamba viliwaumiza baadhi ya wenzake.) Vijana walitoka viwandani, migodini na madukani wakiwa na mkoba wa nguo za kubadilisha, wamevaa suruali pana ambazo ukiziona kwenye picha utasema bugaluu za akina baba mdogo. Asubuhi mkesha ulifungwa kwa nyimbo tatu zilezile kila wiki: ya Tobi Legend, ya Jimmy Radcliffe, na ya Dean Parrish. Ilikwenda hivyo mpaka Desemba 1981 milango ikafungwa kabisa. Baadaye jengo likaungua, likabomolewa, na sasa pale pana maduka. Mtu aliyepoteza jengo lake namna hiyo, ukimwambia hata wimbo fulani alioucheza mle haukuwa wa kweli, unamwondolea na kumbukumbu. Hilo naliona.

Tena ugomvi huu ni wa zamani. Wakati Casino imeshika moto, kule Blackpool kulikuwa na ukumbi mwingine, Highland Room katika jumba la starehe lililoitwa Mecca, uliofungwa saa nane usiku, kwa hiyo wengine walitoka pale wakaendesha magari usiku huohuo kuwahi Wigan. Ma-DJ wa Blackpool, Ian Levine na Colin Curtis, walichoka kuchimba miaka ya 60 peke yake. Wakaanza kupiga nyimbo mpya, za miaka ileile ya 70, zenye mwendo mlaini zaidi. Wimbo uliofungua mlango huo ni wa kundi la The Carstairs wa mwaka 1973, na mpaka leo ukitajwa mbele ya wazee hawa kila mtu anageuka. Upande wa Wigan wengi walisema huo si muziki wao, hiyo ni disko inabisha hodi. Watu walitembea na maandishi ya kudai Levine aondoke! Kijana wa miaka ishirini na kitu anachukiwa na umati kwa sababu ya kuweka santuri mpya. Mimi nimeusikiliza ule wimbo wa The Carstairs mara nyingi na siwaelewi waliouzomea. Mwimbaji ameumizwa na anayempenda, anaimba kama mtu anayezuia chozi, na miguu inakataa kutulia. Sijui soul nyingine ni ipi. Kama kaskazini ni mwaka kwenye lebo tu, basi tunahesabu kalenda.

Upande wa pili kuna swali la rangi, nalo ni gumu. Dean Parrish, aliyefunga mikesha yote ile ya Wigan, alikuwa Mmarekani mweupe wa New York mwenye asili ya Kiitalia. R. Dean Taylor alikuwa Mkanada mweupe wa Motown. Wimbo wake wa 1967 ulikwenda Uingereza ukalala, mpaka wachezaji hawa walipoufufua ukaingia chati ya kitaifa mwaka 1974 na kufika nafasi ya tatu. Jirani yangu anawakubali wote wawili bila kusita, maana anasema wanaimba. Asichokubali ni kile kilichokuja 1975, makampuni ya santuri yalipogundua kuna fedha Wigan, na vikundi vyenye jina la mji huo vikatokea kwenye televisheni na nyimbo za utani utani. Kwa hilo nipo upande wake kabisa. Hasira yangu, shoga, inatokana na nani alisahaulika wakati huo. Gloria Jones, mwanamke mweusi, alirekodi Tainted Love na ikatoka mwaka 1965 upande wa pili wa santuri, ikazama. Wachezaji wa huku wakaifufua. Halafu mwaka 1981 wazungu wawili, Soft Cell, wakaiimba upya na ikawa namba moja Uingereza. Sina ubaya na toleo lao. Ila mtu akiniambia soul ya kaskazini ni mapigo tu, wala haijalishi yametoka kwa nani, namuuliza: basi Gloria alikuwa anafanya nini mle?

Kuna na ugomvi wa santuri zenyewe. Wenye msimamo mkali wanasema usiku wa kweli ni ule wa santuri za asili tu, zilizochapwa mara ya kwanza, hakuna nakala wala CD. Hapo zamani ma-DJ walibandika karatasi juu ya lebo na kuandika jina la uongo ili wapinzani wasijue wimbo ni wa nani. Wimbo unaotukuzwa kuliko zote, wa Frank Wilson wa mwaka 1965, ulipigwa kwanza Wigan kwa jina la mtu mwingine kabisa. Frank mwenyewe aliamua kubaki mtayarishaji pale Motown, na santuri yake haikuuzwa. Nakala zake unaweza kuzihesabu kwa vidole. Mwaka 2009 moja iliuzwa kwa pauni 25,742, na mwaka 2020 ikauzwa tena kwa zaidi ya pauni 100,000. Jirani yangu alipoyasema haya alikuwa ananionyesha sanduku lake, kila santuri ndani ya karatasi yake, anazishika kwa pembeni kama anashika yai. Naheshimu sana mapenzi hayo. Lakini nilimwambia wazi kwamba sikubaliani naye. Nakala ya magendo haimpi mwimbaji senti. Nakala ya asili inayouzwa mkono kwa mkono kwa bei ya nyumba nayo haimpi senti. Basi isiwe kipimo cha nani ni shabiki wa kweli. Alikaa kimya, akanimiminia chai.

Kinachonivuta kwao ni kitu kingine. Major Lance wa Chicago, ambaye nyota yake kwao ilikuwa imeshuka, alikuja Uingereza, na mwaka 1972 akapanda jukwaani katika ukumbi wa Golden Torch kule Tunstall, Stoke. Onyesho lile lilirekodiwa, nimelisikiliza. Ukumbi mdogo, umejaa mpaka sauti inagonga kuta, na wale vijana weupe wa viwandani wanaijua kila nyimbo yake neno kwa neno. Nililia, usinicheke. Edwin Starr wa Detroit yeye alihamia kabisa, akaishi na kufariki huku Uingereza mwaka 2003. Nyimbo zilizokosa wateja kwao zilipata watu wa kuzikesha huku. Hicho ndicho kaskazini ilichoongeza juu ya soul, na si kidogo.

Unakumbuka baba mdogo alivyokuwa akisimulia Dar ya ujana wake? Novemba 1969, miaka ileile vijana wa Manchester wanakesha katika ukumbi wa Twisted Wheel, Mkoa wa Pwani ulipiga marufuku muziki wa soul Dar es Salaam, kwa hoja kwamba unaharibu vijana na si utamaduni wetu. Nilimweleza jirani yangu, akaniomba nirudie mara mbili. Hakuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa dunia kulikuwa na vijana wa rika lake wanakatazwa nyimbo zilezile. Akaniuliza kama baba mdogo aliacha kusikiliza. Nikamwambia aliendelea chumbani, redio imefunikwa taulo.

Na wewe nikuulize, kwa kuwa uko nyumbani. Shangazi bado anasema taarabu ya kinanda cha umeme si taarabu? Zamani nilidhani ni ukaidi wa uzee. Akisema taarabu husikilizwa umekaa, ukiinuka unainuka kwenda kutunza na kurudi, sisi tulikuwa tunakonyezana. Siku hizi namfikiria kila nikimwona jirani yangu na koti lake kwenye mvua. Wakati huohuo Tanga yetu ndiko kundi la Black Star walikoingiza gitaa la umeme kwenye taarabu, na shangazi nyimbo zao anaziimba zote. Muulize kwa upole, halafu uniandikie jibu lake kama alivyolitamka, usilipambe.

Jumamosi ijayo ni siku yetu tena. Jana jirani yangu aligonga mlango kuniuliza kama nitakwenda, maana kama siendi yeye pia haendi. Nikasema nakwenda. Akasema yule bwana hatampigia tena upuuzi wa televisheni, na kama ataupiga, yeye atakaa chini tu, hatatoka nje, kwa sababu mwisho wa usiku watapiga zile tatu na hajawahi kuzikosa. Nimeona ameshapiga viatu vyake rangi. Nitakuandikia kama wamesalimiana.

Wako wa daima,
shoga yako wa Bolton