Risala ya Wanawake Wafanyakazi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Meza kuu, waalikwa, na wafanyakazi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kujumuika nasi. Karibu sana.

Umoja wetu ulianza kama kikundi cha kufa na kuzikana, baadaye tukaongeza kuweka na kukopa. Historia ni ndefu, muda ni mfupi. Mafanikio ni makubwa mno: wanawake wawili sasa ni wakuu wa vitengo, ingawa mmoja bado anakaimu, na sare umeiona mwenyewe.

Mheshimiwa, ombi letu ni moja: chumba cha kunyonyeshea.

Mkataba Na. 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Hapo katikati kuna takribani wiki 12, na wiki hizo mama yuko hapa, kazini. Mapumziko ya kunyonyesha tunapewa, tunashukuru. Pa kwenda ndipo hatuna. Mwenzetu hukamua maziwa stoo, katikati ya mafaili, mlango kauzuia kwa mguu. Asiyekamua kwa wakati matiti hujaa, huuma, pengine hata homa humpanda. Na huyohuyo anasubiriwa aongoze kikao cha saa kumi na moja jioni. Akiomba udhuru, husemwa kwamba uongozi hauwezi.

Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye hatumsemi vibaya, alituahidi chumba hiki ndani ya miezi mitatu. Tulipiga vigelegele. Mwaka jana tuliahidiwa tena, chumba kikapimwa, kisha kikajazwa viti vibovu. Watoto walionyonya siku ile ya vigelegele sasa wanakimbia, na baadhi wameshapata wadogo zao.

Hatuombi jengo. Tunaomba viti hivyo vitolewe, mlango ufungike kwa ndani, na pawe na sinki, soketi ya pampu na jokofu dogo. Maziwa yaliyokamuliwa yakiachwa nje kwenye joto la kawaida hayapaswi kukaa zaidi ya muda wa saa nne. Kwenye jokofu hufika siku 4. Vikao navyo vianze mapema.

Nakala ya risala hii unayo. Ukurasa wa mwisho tumeacha nafasi ya tarehe na saini yako, na kalamu tumeiweka mezani.

Tunaomba kuwasilisha.