Malalamiko kwa gereji: mmebadilisha shokapu zote nne, gari bado linagonga

Dar es Salaam,
4 Julai 2025.

Meneja wa Gereji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MATENGENEZO YA COROLLA YA MWAKA 1998 NA MADAI YA SH. 160,000

Tajwa hapo juu yahusika. Mimi ni mteja niliyeleta kwenu Corolla ya rangi ya fedha Jumatatu tarehe 9 Juni na kulichukua tarehe 11. Nimeambatanisha nakala ya risiti yenu ya shilingi 650,000 pamoja na picha sita.

Nianze na nilichowaambia siku ile mapokezini, kwa sababu ndicho kiini cha barua hii. Sikuja kununua shokapu. Nilisema gari limekuwa gumu, linarusha abiria kwenye mashimo madogo, na upande wa mbele kushoto unagonga ngo ngo ngo kila nikipita kwenye rasta, yale matuta madogo ya barabarani. Nikaomba likaguliwe chini, niambiwe kilichokufa. Nilisema pia kwamba kila mwezi mara mbili namchukua mama yangu Bagamoyo kumleta kliniki Dar es Salaam. Ana miaka 71 na ana tatizo la pingili za mgongo. Nilitaka asiumie njiani.

Fundi wenu alikandamiza boneti kwa mkono, akaiachia, akasema shokapu zimekwisha zote. Hakuna jeki iliyowekwa, hakuna aliyeingia chini. Dakika tano hazikufika.

Sikatai kwamba za nyuma zilikuwa zimekufa. Zilikuwa zinavuja mafuta, nimeziona mwenyewe, na tangu mzibadilishe nyuma imetulia. Lakini shokapu haibebi gari. Uzito unabebwa na springi, na kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Gari likiyumbayumba kama mtumbwi, hapo ni sahihi kuanza kuitilia shaka shokapu. Gari langu halikuwa linayumba. Lilikuwa linagonga, na mlio wa kugonga kwenye gari la miaka 27 unatafutwa kwanza kwenye raba: bushi za amu (raba za mikono inayoshika magurudumu), linki za stabilaiza (viungo vya chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona), mauntingi za juu (vikalio vya raba vinavyoshika kichwa cha shokapu). Raba inazeeka hata gari likilala uani. Inakuwa ngumu, inapasuka, na mwishowe chuma kinapiga chuma.

Nilipolichukua nilidhani ugumu ni upya wa vifaa. Jumapili tarehe 15 nikaenda Bagamoyo. Wakati wa kurudi mama alishika mshikio wa juu ya mlango kwa mikono miwili na kunyamaza, naye si mtu wa kunyamaza safarini. Tulipofika Bunju akasema, "Simama kidogo mwanangu." Tulikaa pembeni ya barabara karibu nusu saa mpaka mgongo ulipoachia. Sijawahi kujilaumu kama siku ile, na nililipa 650,000 ili jambo hilo hilo lisitokee.

Kesho yake, tarehe 16, nilirudi kwenu. Nilijibiwa kwamba shokapu mpya "lazima zizoee barabara" na kwamba gari la zamani lina mwisho wake. Hakuna aliyelipandisha wala kuliendesha hata mita mia.

Jumamosi tarehe 28 nilimpelekea fundi mwingine, mwenye shimo na taa. Alitumia saa nzima kabla ya kutaja kifaa chochote, akipitisha mtaimbo kwenye kila kiungo na kunionyesha kinachocheza. Alichokikuta ni hiki.

Matairi yalikuwa na upepo wa psi 45 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi). Kibandiko cha mlangoni kinasema kilo 2.1 kwa sentimita ya mraba, yaani kama psi 30. Tairi lililojaa kiasi hicho halimezi hata kokoto, kila kitu linapandisha juu. Alishusha upepo tu, tukazunguka mtaa, na sehemu ya ugumu ikaondoka papo hapo bila shilingi moja.

Mauntingi mbili za mbele, ambazo risiti yenu inasema ni mpya kwa shilingi 70,000, ni zile zile za zamani. Raba zake zimechanika, na vumbi la miaka bado limeganda ndani ya nyufa zake. Angalieni picha ya pili na ya tatu. Jambo hili naomba mlichukulie kwa uzito wa pekee, kwa sababu hapa hatuzungumzii ufundi kushindwa. Nimelipishwa kitu ambacho hakikuwekwa.

Mliweka raba za kunyanyulia gari kwenye springi zote nne, shilingi 60,000, bila kuniuliza. Najua watu wengi wanaziomba kwa sababu ya barabara zetu. Mimi sikuziomba. Raba ile inaibana springi na kuifanya shokapu ikae karibu na mwisho wa urefu wake, hivyo gurudumu likishuka kwenye shimo, shokapu inafika mwisho na kugonga. Ndiyo maana mlio ulizidi baada ya matengenezo. Amu nazo zilikuwa zimeinama kuliko zilivyotengenezwa kukaa.

Bushi za amu za mbele zilikuwa zimepasuka zote nne. Mbili zilionyesha mpasuko mpya, na boliti zake zina alama mbichi za spana. Fundi alinieleza kwamba boliti za amu zikikazwa gari likiwa limening'inia kwenye jeki, raba inashikwa ikiwa imejipinda. Gari likishuka chini inabaki imesokotwa muda wote, na hatimaye inachanika. Zinatakiwa kukazwa magurudumu yakiwa chini na gari limekaa kwa uzito wake. Yeye alizikaza akiwa ndani ya shimo, gari likiwa sakafuni.

Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, shilingi 30,000 kwenye risiti yenu, sidhani kama ilifanyika. Usukani ulikuwa ukivuta kushoto tangu siku ya kwanza.

Fundi huyo alitoa raba zenu za kunyanyulia, akaweka bushi nne, linki mbili za stabilaiza na mauntingi mbili za mtumba zilizo nzima. Pamoja na alaimenti nilitumia shilingi 218,000. Jumapili iliyopita nilimchukua mama tena. Alilala kuanzia Mapinga mpaka Tegeta.

Sidai mnirudishie kila kitu. Shokapu ni nzima, na bushi na linki ningezinunua kwa vyovyote. Nadai mambo haya:

Kwanza, shilingi 70,000 za mauntingi ambazo hazikuwekwa, 60,000 za raba ambazo sikuziagiza, na 30,000 za alaimenti. Jumla 160,000. Raba zenu nne ninazo kwenye buti, nitazirudisha siku mtakayonilipa.

Pili, naomba kwa maandishi kwamba dhamana ya miezi mitatu ya shokapu inaendelea mpaka 11 Septemba, na haitakataliwa kwa sababu fundi mwingine amegusa gari baada yenu. Nilikwenda kwake baada ya ninyi kukataa kulikagua.

Tatu, naomba mzungumze na kijana aliyepokea gari langu. Simtakii afukuzwe kazi. Nataka mteja wa kesho akisema "gari linagonga", gari lake likandamizwe, lipandishwe, lipitishwe mtaimbo, aonyeshwe kinachocheza, ndipo apewe bei.

Natarajia jibu kabla ya Ijumaa tarehe 18 Julai. Nisipolipata nitapeleka nakala ya barua hii na viambatanisho vyake Tume ya Ushindani, inayosimamia haki za walaji chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Ningependelea tumalizane wenyewe. Namba yangu ya simu mnayo kwenye risiti, na nipo tayari kulileta gari mlione siku yoyote baada ya saa kumi jioni.

Wenu,

Mteja, Corolla ya 1998
(saini)

Viambatanisho: nakala ya risiti ya tarehe 11 Juni, risiti ya fundi wa pili, picha sita.