Yule mzee wa kwato pale Kiwira, asante sana

Jamani namtafuta huyu mzee tangu Jumamosi sijampata, hata jina sikumuuliza, ndo maana naandika hapa. Ng'ombe wangu wa maziwa alikuwa anachechemea wiki nzima mguu wa nyuma, maziwa yameshuka toka lita 12 mpaka 5, mi nikajua kajikwaa tu nikawa nampaka dawa juu juu. Na mvua za Rungwe mnazijua, bandani tope mwanzo mwisho.

Mzee anapita zake njiani akasimama, akasema "mwanangu, kwato hizo mbona zimejikunja kama ndala zilizosahaulika juani?" Tukaufunga mguu kwenye nguzo kwa kamba, akatoa kisu kidogo chenye ncha iliyopinda akawa anakwangua taratibu, kidogo kidogo, mpaka akafika kwenye doa jeusi, akaligusa tu usaha ukaruka, harufu yake sitaki kuikumbuka. Kumbe ng'ombe wa ndani hatembei kwahiyo kwato haziliki, inabidi kukata kama mara mbili kwa mwaka, na maranda makavu chini, na kumpitisha kwenye maji ya mrututu (ile chumvi ya bluu ya shaba). Miaka minne nafuga sikuwahi kuambiwa hayo, nilikuwa nahangaika na pumba tu!

Hela alikataa, akachukua ndizi tatu. Leo ng'ombe anakanyaga vizuri, asubuhi nimekamua lita 9.

Ndaga fijo baba, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Kisu chako ulikisahau kwenye ndoo, nimekutunzia.