Barua kwa mwanangu aliyeajiriwa Arusha

Mwanangu mpenzi,

Kwa kuwa sasa umeanza kazi katika makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, napenda nikueleze habari za Walter Hallstein, rais wa kwanza wa Tume ya Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya, aliyeishika kazi hiyo tangu Januari 1958 hadi katikati ya mwaka 1967.

Kabla yake, Jean Monnet aliongoza Mamlaka Kuu ya Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma huko Luxembourg tangu mwaka 1952, na chombo hicho kiliweza kuwatoza wazalishaji ada moja kwa moja bila kupitia hazina za serikali zao. Hallstein hakupewa nguvu za namna hiyo. Mkataba wa Roma wa mwaka 1957, ulioianzisha Jumuiya hiyo ya Kiuchumi, uliwaachia mawaziri wa nchi sita wanachama uamuzi wa mwisho, na Tume ya watu tisa ikapewa haki ya kupendekeza. Usiidharau haki hiyo, mwanangu, maana katika mambo mengi mawaziri hawakuweza kuamua lolote kabla Tume haijaleta pendekezo, na walipotaka kulibadilisha iliwalazimu wakubaliane wote kwa kauli moja.

Hallstein alikuwa profesa wa sheria. Wamarekani walipomteka vitani mwaka 1944 na kumpeleka kambini Mississippi, aliwaandalia mateka wenzake masomo ya chuo kikuu, na mimi humwona yeye mzima katika jambo hilo: aliamini kwamba Jumuiya isiyo na jeshi wala polisi inaweza kusimama juu ya sheria peke yake. Imani hiyo ilizaa matunda. Januari 1962, baada ya mabishano marefu ambayo kwa ajili yake saa ilihesabiwa kuwa imesimama usiku wa mwisho wa Desemba, ili muda uliowekwa usionekane umepita, mawaziri walikubaliana juu ya msingi wa sera moja ya kilimo, iliyosukumwa na makamu wake, Sicco Mansholt.

Machi 1965 Hallstein alipendekeza Jumuiya iwe na mapato yake yenyewe, yatokanayo na ushuru wa forodha na tozo za mazao, na Bunge la Ulaya liongezewe sauti juu ya bajeti. Mpango huo aliueleza Bungeni Strasbourg kabla haujawafikia mawaziri rasmi. Rais de Gaulle, ambaye tayari alichukizwa na jinsi Hallstein alivyopokea mabalozi kwa heshima za mkuu wa nchi, na ambaye hakutaka maamuzi ya kura za wingi, badala ya kauli moja, yaanze Januari 1966, aliwaondoa wajumbe wa Ufaransa vikaoni kwa karibu miezi saba. Mimi naona Hallstein alikuwa na haki katika shabaha yake, ila aliikosea adabu ya njia, kwani wenye uamuzi hawapaswi kusikia habari zao barazani kwa watu wengine. Mapatano ya Luxembourg yaliirudisha Ufaransa mezani, lakini tangu hapo kila nchi iliyodai kwamba maslahi yake makubwa yameguswa iliweza kuzuia kura kwa miaka mingi.

Hata hivyo, wakati kiti cha Ufaransa kilipokuwa kitupu, nchi tano ziliendelea kukutana na Tume iliendelea na kazi zake. Kwetu haikuwa hivyo. Mkataba wa Jumuiya yetu ya kwanza ulitiwa saini Kampala Juni 1967, mwezi mmoja hivi kabla ya Hallstein kuondoka, nao uliweka mamlaka ya juu mikononi mwa marais watatu. Baada ya Amin kupindua serikali mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, marais hawakukutana tena, na mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika.

Ukipata nafasi, usome katika mkataba wenu wa sasa ni nani mwenye haki ya kupeleka pendekezo mbele ya Baraza la Mawaziri, na nini hufuata nchi moja isipokubali, kisha uniandikie ulivyoelewa. Mama yako anakusalimu sana.

Wasalaam,
Baba yako