Geti dogo lisizibwe

Mhariri,

Kamati ya wakazi wa mtaa wetu, upande wa Section 58 hapa Nakuru, imetuarifu kwamba geti dogo la nyuma litazibwa kwa mawe mwisho wa mwezi. Sababu ni usalama, wanasema. Mimi nalipa ada ya soja kama wenzangu wote, na ninapinga.

Hapo ndipo wanapopitia mama fua, mafundi na vijana wa mjengo. Likizibwa, itawabidi wazunguke kwa ukingo wa barabara kuu ya Nairobi, na malori ya pale kila mtu anayajua.

Nje ya geti huketi mama mboga wetu. Sukuma anakukatia papo hapo, nyembamba kama nyuzi, macho yake yakikutazama na kisu kinakwenda, huku akiuliza kama mtoto amepona kikohozi. Ana daftari la madeni lililofungwa kwa mpira. Januari, karo ilipotubana, wengi wetu wenye magari tulikula kwa daftari hilo. Mkutanoni hakuna aliyelitaja.

Nilikulia Flamingo, kwenye nyumba za kaunsili. Karani, mwalimu, kibarua wa kiwanda na fundi cherehani walichota maji mfereji mmoja. Mji ulipochafuka kwa ghasia za baada ya uchaguzi, Januari 2008, aliyetuficha ni muuza omena, jirani asiye wa kabila letu. Alitufungulia mlango kwa sababu alitujua, mmoja mmoja, kwa majina. Wanangu hawamjui mtu hata mmoja ng'ambo ya ukuta isipokuwa mama mboga, na ndiye huyo tunayetaka kumfukuza.

Wizi upo, sikatai. Mwaka jana jirani yangu aling'olewa mita ya maji. Lakini iling'olewa usiku, saa ambazo geti hilo hufungwa kwa kufuli! Taa ya pale imekufa kitambo. Itengenezwe, na soja mmoja kati ya wale wanaojazana geti kubwa aletwe nyuma.

Tangu Nakuru iwe jiji Desemba 2021, mashamba yanakatwa ploti na kila kundi la nyumba linajijengea ukuta. Kaunti inapopitisha ramani, ikague kwanza njia za miguu zilizokuwapo. Nayo kamati yetu iitishe mkutano wa ana kwa ana, Jumapili alasiri, na mama mboga aalikwe aseme yake kabla ya mawe kuletwa.

Mzazi na mkazi,
Nakuru